Mizoga Sita Kando ya Ewaso Ng'iro

Tulipofika bomani saa tatu asubuhi, wazee walikuwa wameshakubaliana: mizoga itiwe sumu, na mbwa mwitu wakirudi jioni wafe wote. Ilikuwa mwaka 2016, kaskazini mwa Laikipia, Kenya, kando ya mto Ewaso Ng'iro. Mbuzi sita walikuwa hawakurudi zizini jana yake.

"Mzee, kabla ya sumu, turuhusu tuchune kwanza," mwenzangu alimwomba mwenye mbuzi.

Ukweli wa mzoga uko chini ya ngozi. Mnyama aliyeumwa akiwa hai huvilia damu palipoingia jino. Aliyetafunwa baada ya kufa havilii. Chui huacha matundu ya chonge kooni. Fisi huvunja mifupa mikubwa, na kwa kawaida huja usiku. Mbwa mwitu hukamata mapaja, mbavu na tumbo, hupasua kuanzia kinenani, na kundi zima humaliza mbuzi mmoja kwa dakika chache. Hubakiza kichwa, vipande vya ngozi, uti wa mgongo na tumbo lenye majani.

Wanne walikuwa hivyo hasa. Wawili waliookotwa karibu na maboma walikuwa wameumwa ovyo, masikio, shingo na miguu, nyama karibu yote ipo. Hao waliuawa na mbwa wa kufugwa wanaoachwa wazurure. Nyayo peke yake zisingetuambia hilo, maana za mbwa mwitu na za mbwa wa nyumbani zinafanana mno, hasa kwenye mchanga mkavu.

Mzee alitazama ngozi zile mbili kwa muda mrefu, kisha akaita watoto waliochunga. Walisema kundi la mbuzi liligawanyika kichakani jua likielekea kuzama. Hiyo ndiyo saa mbaya. Mbwa mwitu huwinda alfajiri na jioni, kwa macho, kwa hiyo boma la miiba, hata likiwa imara namna gani, halimlindi mbuzi aliyeachwa malishoni. Kinachomlinda ni mchungaji mtu mzima, kundi lisilotawanyika, na kurudi mapema. Digidigi wakiwepo wa kutosha, mbwa mwitu hugusa mifugo mara chache sana.

Kundi lile la mbwa mwitu lilikuwa na watoto kwenye tundu la zamani la muhanga, ng'ambo ya korongo. Mbwa mwitu wakizaa hufungwa na tundu kwa takriban miezi mitatu; wakubwa huwinda, wakirudi huwatapikia nyama mama na watoto. Sumu ingewaua wawindaji, kwa kuwa hula pamoja, na watoto wangekufa njaa tunduni. Tai nao wangefuata. Wazee walikubali kuhamisha malisho upande wa pili hadi watoto watoke, na mizoga ikachomwa palepale.

Ilichomwa pia kwa sababu mbwa wa maboma walikuwa wameanza kuilamba. Hapo ndipo magonjwa huvuka kati ya mbwa wa kufugwa na mbwa mwitu. Chanjo ya kichaa cha mbwa huhitaji kuwafikia takriban mbwa 7 kati ya 10 ndipo ugonjwa ukose njia. Lakini haizuii distempa, ugonjwa mwingine wa virusi unaoua mbwa. Mwaka uliofuata, 2017, distempa iliangamiza karibu mbwa mwitu wote wa Laikipia.