Tulivyofuatilia haki ya mpwa wangu baada ya kocha kumdhuru

Kocha wa mpira alimdhuru mpwa wangu kingono; undani wake sitausimulia, ni wake mwenyewe. Ninasimulia tulivyohangaikia haki yake, kwa sababu familia nyingi hapa Arusha zinaishia mlango wa kwanza, na mara nyingi mlango huo ni wa mwenyekiti wa timu.

Alikuwa na miaka 13, anacheza kwenye akademi moja ya mpira ambayo sitaitaja. Aliniambia mimi, shangazi yake, kabla ya baba yake. Nilimwambia namwamini, nikaandika maneno yake vilevile alivyoyasema, na tarehe juu yake, kisha sikumuuliza tena. Kwa ndugu nilikuwa mkali, maana kila mmoja alitaka kumkalisha amhoji upya. Mtoto akihojiwa na ukoo mzima maelezo yanaanza kupishana, na kupishana huko ndiko wakili wa upande wa pili anakokusubiri.

Kaka yangu alizidiwa na aibu. "Dada, huyu ni mtoto wa kiume, watu watasemaje?" Wazee wa timu nao wakaja na bahasha, wakiomba tuyamalize nyumbani, kocha ahame. Niliwaamkia, nikawakaribisha chai, kisha nikawaambia kwamba shauri kama hili ni la Jamhuri, sisi na mtoto ni mashahidi tu, na hakuna mwenye mamlaka ya kulisamehe sebuleni. Nikawakumbusha pia kuwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka yeyote mwenye taarifa za mtoto kuvunjiwa haki azifikishe serikali za mitaa, kwa hiyo na wao walikuwa na wajibu. Wakaondoka na bahasha yao. Kocha anayehamishwa anapelekewa watoto wa wenzetu, na hilo nisingeweza kulala nalo.

Polisi tulikwenda moja kwa moja dawati la jinsia na watoto, tukapewa PF3, fomu ya polisi ya kupelekea majeruhi kwa daktari, tukaenda Mount Meru hospitali, na afisa ustawi wa jamii akaingia kwenye shauri. Kama tukio ni la jana au juzi, kimbilia hospitali kabla ya jambo lolote, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hutakiwa kuanza ndani ya saa 72. Anayeogopa hata pa kuanzia, simu 116 ni ya bure na ni ya watoto. Kwetu muda ulikuwa umeshapita, daktari hakukuta alama yoyote, na kaka akadhani kesi imekufa. Haikufa. Sheria ya Ushahidi inairuhusu mahakama kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mtoto aliyetendewa peke yake, hakimu akiridhika kuwa anasema kweli. Na tangu mwaka 2006, katika rufaa ya Selemani Makumba, Mahakama ya Rufani ilishasema kwamba ushahidi wa kweli wa ubakaji hutoka kwa aliyetendewa. Mahakama zimeendelea kuusimamia msimamo huo kwenye makosa mengine ya kingono.

Kilichotutesa hasa ni umri. Kadi ya timu ilionyesha mwaka wa kuzaliwa ambao akademi iliusogeza mbele ili acheze mashindano ya wadogo. Anayefuatilia mpira wa vijana anaujua mchezo huo. Wakili wa mshtakiwa akaikamata kadi: kama umri ni wa uongo, na mengine je? Tukapeleka cheti cha kuzaliwa cha RITA na kadi ya kliniki, na kaka yangu, yuleyule wa aibu, akasimama akaeleza mwanawe alizaliwa lini na wapi. Umri wa mtoto huweza kuthibitishwa na mzazi, ndugu, daktari, cheti au mtoto mwenyewe, lakini lazima uthibitishwe. Ziko hukumu zilizotenguliwa kwa sababu tu jambo hilo lilisahaulika.

Mtoto alitoa ushahidi faragha, bila watazamaji, baada ya kuahidi kusema kweli. Kesi iliahirishwa mpaka tukachoka, ila kila tarehe tulifika, na nilimzoea wakili wa serikali kiasi cha kumuuliza mapema shahidi gani anahitajika. Mwishowe kocha alitiwa hatiani kwa udhalilishaji mkubwa wa kingono, chini ya kifungu cha 138C cha Kanuni ya Adhabu. Kosa hilo likitendwa kwa mtoto, kifungo hakipungui miaka 20, na mahakama huamuru pia fidia.

Wakati kesi ikiendelea tuliandikia chama cha mpira. Upande wa michezo una adhabu zake na haulazimiki kungoja mahakama: mwaka 2019 FIFA ilimfungia maisha Keramuddin Karim, aliyekuwa rais wa shirikisho la Afghanistan, kwa kuwadhulumu kingono wachezaji wanawake. Kocha wetu alisimamishwa kufundisha kabla ya hukumu, na hilo liliwalinda watoto waliobaki.

Imebaki akademi yenyewe. Marekani, daktari wa jimnastiki Larry Nassar, aliyewadhulumu kingono wanamichezo aliowatibu, alihukumiwa mwaka 2018 kifungo cha miaka 40 hadi 175, lakini familia hazikuishia kwake. Chuo Kikuu cha Michigan State, alikokuwa ameajiriwa, kilikubali mwaka huohuo kulipa dola milioni 500, na mwishoni mwa 2021 shirikisho la jimnastiki na kamati ya Olimpiki ya huko zikakubali milioni 380. Hatuna ndoto ya mamilioni hayo, ila msingi upo na hapa: mwajiri anaweza kudaiwa kwa uzembe, na kwa makosa ya mwajiriwa wake.

Kaka alitaka tufungue madai sasa hivi. Wakili akatueleza kuwa madai ya aina hii yana ukomo wa miaka mitatu, ila kwa mtoto muda huanza kuhesabiwa anapotimiza miaka 18. Akatuonya pia kwamba mashahidi huhama na karatasi hupotea. Tulimuuliza mtoto mwenyewe. Akasema hataki kurudi mahakamani kwa sasa, labda akiwa mkubwa. Nimekusanya nakala ya hukumu, PF3, ile kadi ya timu na barua zote, nakala moja iko kwa wakili. Akifika 18 atachagua mwenyewe kama anaidai akademi au anaiacha, na nauli ya kwenda mahakamani nitatoa mimi.