Usiku Hradecky Alipopasha Mwili Mara Mbili

Jumamosi ya tarehe 12 Juni 2021 timu ya taifa ya wanaume ya Ufini ilicheza mechi yake ya kwanza kabisa katika fainali za mashindano makubwa. Ilikuwa Euro 2020, iliyosogezwa mbele mwaka mmoja kwa sababu ya korona, dhidi ya Denmark, katika uwanja wa Parken mjini Copenhagen. Mimi nilikuwa Turku, mji wa Ufini, sebuleni kwa kocha mwenzangu, pamoja na wengine tuliokuwa tukifundisha makipa wa umri mdogo. Wakati wa kiangazi saa za Ufini na za Afrika Mashariki huwa sawa, hivyo mdogo wangu aliyeko Tanga naye alikaa mbele ya runinga saa moja jioni ileile, na ujumbe wake ulikuwa ukiingia kwenye simu yangu mfululizo.

Wa kwanza ulifika kabla filimbi haijapulizwa. "Kaka, huyo kipa wenu mbona jina lake si la Kifini?"

Lukas Hradecky alizaliwa Bratislava mwaka 1989, nchi ikiitwa bado Czechoslovakia. Baba yake, Vlado, alikuwa mchezaji wa mpira wa wavu, akahamia Turku na familia yake huyu mtoto akiwa mdogo sana. Wadogo zake wawili, Tomas na Matej, nao wakawa wanasoka. Watu wa Turku hawamhesabu kuwa mgeni hata kidogo. Amekulia TPS, klabu ya mji wao, na hapo ndipo alipoanza kudakia timu ya wakubwa.

Kukulia ukipa Turku kuna alama zake. Majira ya baridi viwanja vya nje havitumiki kwa miezi, kwa hiyo kipa hufanya mazoezi ndani ya kumbi, juu ya nyasi bandia. Nyasi hizo huchuna nyonga na viwiko, na mpira ukidunda huja kasi zaidi kuliko kwenye nyasi za kawaida. Kipa wa huko hujifunza mapema kushuka chini kwa ubavu wa paja na bega, si kwa goti wala kiwiko, kwa sababu anayeshuka vibaya hawezi kumaliza wiki. Kitu ambacho ukumbi haumpi ni upepo. Hewa ndani imetulia, krosi hufika pale macho yalipokadiria. Ndiyo maana nimekuwa nikisema kwamba hatua iliyomjenga Hradecky ni ile ya mwaka 2009, alipokwenda Esbjerg akiwa na miaka 19. Esbjerg ni mji wa bandari kwenye Bahari ya Kaskazini, na huko krosi iliyopigwa kuelekea mlingoti wa pili inaweza kushuka katikati ya lango. Alikaa huko hadi 2013, mwaka ambao klabu hiyo ilichukua Kombe la Denmark, kisha akahamia Brøndby, nje kidogo ya Copenhagen, akakaa hadi 2015. Miaka sita ya ligi ya Denmark, basi. Na Parken ni nyumbani kwa FC København, mahasimu wa Brøndby, kwa hiyo usiku ule hakuwa kwenye uwanja wa kigeni.

Kocha Markku Kanerva alipanga mabeki watano: Raitala, Toivio, Arajuuri, O'Shaughnessy na Uronen. Ukuta wa namna hiyo humfungia mpinzani njia ya katikati na kumlazimisha apeleke mpira pembeni, na kazi ya kipa inageuka kuwa krosi na kona. Denmark walishambulia tangu mwanzo na Hradecky akapata mipira ya mapema. Kwa kipa hiyo ni heri, maana mikono hupata kazi na masikio huzoea kelele. Sisi sebuleni tulikuwa tukitazama miguu yake. Mpira ukiwa mbali pembeni, kipa anaweza kusimama hatua mbili tatu mbele ya mstari, mwili umefunguka kuelekea uwanjani ili aone na nyuma yake pia. Mshambuliaji akifika karibu na mstari wa mwisho, kipa anarudi hadi karibu na mlingoti wa kwanza, kwa sababu sasa hatari ni pasi ya kurudishwa nyuma chini chini. Kosa la makipa wengi wadogo ni kubaki mahali pamoja katika hali zote mbili.

Ilipokaribia mapumziko, Christian Eriksen, kiungo wa Denmark, alianguka peke yake karibu na mstari wa pembeni. Moyo wake ulikuwa umesimama. Nahodha wa Denmark, Simon Kjær, alifika kwake mapema, madaktari wakaanza kumfufua pale pale, na wachezaji wenzake wakamzunguka wakitazama nje ili kamera na watu wasimwone. Sebuleni hakuna aliyezungumza. Mdogo wangu aliacha kuandika. Baadaye, uwanjani, mashabiki wa Ufini wakaanza kuita "Christian", na wa Denmark wakaitikia "Eriksen". Alitolewa akiwa na fahamu, akapelekwa hospitali. Mechi ilisimama tangu saa moja na dakika arobaini na kitu hadi saa tatu na nusu za usiku kwa saa zetu.

Kurudi uwanjani usiku uleule ni jambo ambalo mpaka leo naona wachezaji hawakupaswa kutakiwa kuliamua wakiwa katika hali ile. Lakini walirudi, na ndipo nilipoona kwa macho yangu kile tulichokuwa tukikifundisha kwa nadharia tu.

Mchezaji asiye kipa akipoa, hurudishwa na mchezo wenyewe. Anakimbia, anasukumana, anapiga pasi tatu nne rahisi, na mwili unaamka. Kipa hana njia hiyo. Anaweza kusimama dakika ishirini bila kuguswa na mpira, halafu shuti la kwanza likawa ndilo la mechi. Misuli iliyopashwa moto hupoa ndani ya kama robo saa ya kukaa, na usiku ule walikaa zaidi ya saa moja na nusu. Glovu nazo hukauka. Ile raba laini ya kiganjani hushika vizuri ikiwa na unyevu. Ikikauka kabisa, inateleza na kutema mpira. Kipa anayerudi baada ya kusimama kwa muda mrefu anatakiwa kulowesha viganja kabla ya kitu kingine chochote.

Kisha mpangilio. Aanze na dakika tatu za nyonga, mabega na vidole. Baada ya hapo mipira kumi au kumi na mbili hivi ya kudaka kifuani na juu ya kichwa, ikirushwa kwa mkono kutoka kama mita sita, bila nguvu. Halafu kushuka chini, mara nne kila upande, akianzia kwenye kuchuchumaa ili asipige sakafu kwa mwili uliokaza. Kisha krosi sita, tatu kutoka kila pembe, na mwisho mipira michache ya kupiga kwa mguu, mirefu na mifupi. Inatosha dakika kumi au kumi na mbili. Anayeanza na mashuti makali huumiza vidole, kwa sababu macho bado hayajaizoea kasi na mpira humgonga kwenye ncha. Asiyefanya krosi ataikosa kona ya kwanza, atatoka nusu hatua akiwa amechelewa. Na asizidishe kuruka. Miguu bado ina kazi.

Walimalizia zile dakika chache za kipindi cha kwanza, wakapumzika dakika tano tu, wakaendelea na cha pili. Dakika ya 60 Jere Uronen alipiga krosi kutoka kushoto, Joel Pohjanpalo akaunganisha kwa kichwa, mpira ukamgusa mkononi kipa wa Denmark, Kasper Schmeichel, na kuingia. Lilikuwa shuti la pekee la Ufini katika mechi nzima. Pohjanpalo hakushangilia, aliwazuia na wenzake.

Mdogo wangu aliandika kwamba Schmeichel kalala. Nilimjibu kwa ukali kidogo, na nasimama na jibu lile. Mpira wa kichwa wa karibu hauzuiliwi na nguvu bali na mkono uliofika nyuma ya mpira, kifundo kikiwa kimekaza. Mkono ukifika juu yake au pembeni, hata kwa tofauti ya vidole viwili, mpira unaendelea na safari yake. Tofauti hiyo ni ya sehemu ndogo ya sekunde, na ndicho kitu cha kwanza kupotea kipa anapopoa. Tena Schmeichel hakuwa amekaa chumbani tu kwa muda wote ule. Yeye na Kjær ndio walioonekana wakimtuliza mwenza wa Eriksen kando ya uwanja. Ukimtaka mtu huyo akili yake iwe kwenye kifundo cha mkono, unamtaka makubwa.

Dakika ya 74 ikaja zamu ya Hradecky. Arajuuri alimgusa Yussuf Poulsen ndani ya eneo la hatari, na mwamuzi Anthony Taylor akaonyesha penalti. Aliyezoea kuzipiga kwa Denmark alikuwa Eriksen mwenyewe. Mpira ukachukuliwa na Pierre-Emile Højbjerg.

Lango lina upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44, mpira uko umbali wa mita 11. Ukipigwa kwa kilomita 100 kwa saa unafika kwa takriban sekunde 0.4, na hakuna kipa anayeweza kusubiri aone unakokwenda halafu aruke hadi kwenye mlingoti. Kwa hiyo anasoma kabla. Anaangalia mbio za mpigaji, kama ana haraka au anasita. Mguu wa kusimamia umeelekea wapi. Nyonga imefunguka au imefungwa. Tangu 2019 sheria inamtaka abaki na walau sehemu ya mguu mmoja kwenye mstari, au sambamba nao, mpira unapopigwa. Kwa hiyo hatua ya kusogea inatakiwa ipangwe: mguu mmoja unatangulia, wa nyuma unabaki mstarini na ndio unaosukuma. Akitangulia mapema mno, mpigaji anamwona na kubadili upande. Akichelewa, ataruka kwenda pembeni bila kusonga mbele, na mkono unafika mpira ukishapita.

Hradecky hakuwahi kutangulia. Alitulia hadi mwisho kabisa, akaenda upande sahihi, akauzuia. Shuti lenyewe lilikuwa la chini na halikuwa na nguvu, wengi wakaishia kumlaumu Højbjerg. Ni kweli kwamba halikuwa zuri. Lakini shuti dhaifu huingia kila wiki duniani, kwa sababu kipa ameshaanguka upande wa pili. Huyu alikuwa amesimama zaidi ya nusu saa ya mchezo tangu warejee, mwili umepashwa moto mara mbili, amebeba kichwani yale yaliyowapata wote, na bado alisubiri. Nilikumbuka nusu fainali ya Kombe la Ujerumani mwaka 2017, alipokuwa Eintracht Frankfurt: mikwaju ya penalti ugenini kwa Borussia Mönchengladbach, akapangua ya Andreas Christensen na ya Djibril Sow, Frankfurt wakapita. Mwaka uliofuata walilichukua kombe hilo kwa kuifunga Bayern 3-1 Berlin, naye akahamia Bayer Leverkusen. Hata huko alipitia machungu kabla ya usiku wa Parken. Fainali ya kombe hilo mwaka 2020, shuti la mbali la Lewandowski wa Bayern lilimponyoka mikononi likaingia, mbele ya Ujerumani nzima.

Ujumbe wa Tanga ulikuwa na neno moja tu: "Kipaa!"

Dakika zilizobaki zilikuwa krosi juu ya krosi. Ufini walishinda 1-0, ushindi wao wa kwanza katika fainali kubwa, na hakuna aliyeruka juu. Tuzo ya mchezaji bora wa mechi alipewa Eriksen.

Wiki iliyofuata tuliwaketisha makipa wetu wadogo katikati ya mazoezi, glovu zimevuliwa, muda wa kutosha wapoe, kisha tukawapa dakika kumi tu za kujiandaa wenyewe kabla ya kona. Wengi walikimbilia kuomba mashuti. Wachache walikumbuka maji kwenye viganja.

Ufini walifungwa na Urusi 1-0, halafu tarehe 21 Juni wakakutana na Ubelgiji mjini St Petersburg. Dakika ya 74 tena, Thomas Vermaelen alipiga kichwa kutoka kwenye kona, mpira ukagonga mlingoti, ukamrudia Hradecky mkononi na kuvuka mstari. Likaandikwa bao la kujifunga. Lukaku akaongeza la pili na safari ya Ufini ikaishia kwenye kundi. Miaka mitatu baadaye kipa huyohuyo alinyanyua ngao ya ubingwa wa Ujerumani akiwa nahodha wa Leverkusen, timu iliyomaliza ligi nzima ya 2023/24 bila kufungwa mechi hata moja. Lakini jioni ile ya St Petersburg watu walilizungumzia lile bao kana kwamba amelitafuta.

Tulilitazama tena na tena. Kipa aliyekwisha kuruka kuelekea mlingotini hana namna ya kubadili mwelekeo hewani, na mpira unaorudi kutoka kwenye mlingoti humkuta mkono umenyooka sambamba na mstari. Kinachowezekana ni kupunguza hatari tu. Tulisimama mita mbili kutoka mlingotini, tukaurusha mpira uugonge kipa akiwa ameshaanguka, na kumtaka auvute mkono wa juu kuelekea kifuani huku kifua chake kimeelekea uwanjani, ili mpira ukimgonga urudi mbele. Kwa watoto wa miaka 12 tulitumia mpira namba nne, na kwa umbali ule kila rusho la tatu hivi bado liliingia.