Kama harufu ya dagaa inafika ghorofa ya 14, kikohozi nacho kinafika

Wiki hii uongozi wa jengo umenisukumia barua chini ya mlango. Eti kuna malalamiko ya harufu kali ya chakula kutoka kwangu, ghorofa ya 4, na waliolalamika wako ghorofa ya 14. Natakiwa nizibe uwazi wa chini ya mlango na niwafikirie majirani ninapopika. Dagaa wenyewe ni wa Mwanza, katuma dada. Niliwakaanga Jumamosi mchana, mlango umefungwa, feni ya jikoni inazunguka. Kwa dagaa siombi radhi.

Kilichoniudhi ni kwamba kwa mkono wao wenyewe wamekiri jambo ambalo wapangaji tumelipigia kelele tangu baridi ya mwaka jana tukaonekana wakorofi: hewa ya nyumbani kwangu inapanda ghorofa kumi. Na hewa hiyo haichagui cha kubeba. Mtu akikohoa, akiongea, hata akipumua tu, anatoa vitone vidogo sana vinavyoelea muda mrefu, na akiwa mgonjwa, virusi vya mafua makali au vya Uviko vimo humo.

Maghorofa mengi ya zamani hapa Toronto yamejengwa hivi: feni kubwa juu ya paa inavuta hewa ya nje, inaipasha joto, inaisukuma kwenye korido za kila ghorofa. Kutoka korido hewa inaingia nyumbani kwako kupitia ule ule uwazi wa chini ya mlango wanaotaka niuzibe, kisha inatoka kwa feni ya bafuni na ya jikoni. Uwazi umewekwa makusudi. Feni ya paa ikifanya kazi vizuri, hewa ya mpangaji haiendi kirahisi kwa mwenzake.

Jana usiku nilichana ukanda wa karatasi ya chooni nikaushika pale chini ya mlango. Ulitakiwa kupepea kuja ndani. Ulivutwa kwenda nje, ukanyooka kuelekea korido na kubaki hivyo hivyo. Nilipomuuliza msimamizi alisema wazi kwamba feni ya paa hupunguzwa wakati wa baridi, gesi ya kupasha hewa ni ghali. Kumbe! Na baridi ndiyo wakati mbaya kuliko wote, maana hewa ya ndani ikiwa na joto na nje kuna barafu, jengo refu hugeuka dohani: hewa baridi inaingia chini, ya moto inapanda kwa ngazi, shimo la lifti na nyufa za mabomba, inatokea juu. Wa ghorofa za juu wanapumua masalia yetu wa chini. Kule juu kuna mama mmoja wa Bukavu, mtu mzima, ana pumu na analea wajukuu. Yeye hajalalamikia dagaa wa mtu.

Hong Kong walijifunza haya kwa msiba. Machi 2003 mgonjwa wa SARS, ugonjwa wa mapafu wa jamii ya Uviko, mwenye kuhara alimtembelea nduguye katika maghorofa ya Amoy Gardens. Wakazi zaidi ya 300 waliugua, 42 wakafa. Wachunguzi waligundua kwamba matundu ya maji ya sakafuni bafuni yalikuwa yamekauka. Ile kona ya bomba ambayo hubaki na maji kuzuia hewa ya maji taka haikuwa na maji, na feni za bafuni zikawa zinavuta uchafu huo ndani. Mwaka 2020 huko Guangzhou, China, familia tatu za ghorofa ya 15, 25 na 27, nyumba zilizopangana wima juu ya bomba moja, ziliugua Uviko, na bomba hilo ndilo lililoshukiwa. Angalia tena: 15 hadi 25. Ghorofa kumi.

Sisemi kila mafua yanapita bombani. Wengi tunaambukizana ndani ya nyumba moja, watu sita vyumba viwili, na kwenye lifti. Lakini virusi vikiingia kwenye jengo letu, lawama huangukia wapangaji. Julai 2020 Melbourne, Australia, polisi walizingira majengo tisa ya serikali yenye watu wapatao 3,000, wengi wakiwa wakimbizi na wahamiaji, Waafrika Mashariki wakiwemo. Walifungiwa bila hata muda wa kununua maziwa ya mtoto. Baadaye Ombudsman wa jimbo lao la Victoria, yaani mchunguzi wa malalamiko dhidi ya serikali, alisema haki zao za kibinadamu zilivunjwa.

Wadogo zangu mnaoniuliza kuhusu kupanga huku: kodi ya mwezi mmoja hapa ni ya mwaka mzima Tabata, Dar es Salaam, na Tabata una dirisha la nyavu pande mbili na upepo wa bure. Kwa hiyo usisaini kwa kupenda kaunta ya jikoni. Nenda na karatasi ya chooni. Ibandike kwenye feni ya bafuni, ikianguka, feni imekufa. Ishike chini ya mlango uone inaelekea wapi. Nusa tundu la sakafuni, na ukishahamia limwagie kikombe cha maji mara kwa mara hata kama hulitumii. Kwenye lifti, msimu wa mafua, vaa barakoa, watakaokutazama watazame.

Sisi tumeanza kukusanya saini. Mzee mmoja Mreno wa ghorofa ya 9, ambaye hatujawahi kuzidi salamu, alisaini wa kwanza kisha akazunguka nami milango yote ya ghorofa yake. Tunataka feni ya paa iwashwe saa zote, baridi na joto. Wakikataa tunapiga 311, namba ya huduma za jiji, tuombe wakaguzi wa RentSafeTO, mpango wa jiji unaosimamia majengo ya ghorofa tatu na kuendelea yenye nyumba 10 au zaidi. Na msije mkaacha kulipa kodi kwa hasira, mtatolewa nje na sheria itakuwa upande wao. Lipa, tunza risiti, piga picha kila kitu, kisha peleka shauri la matengenezo Landlord and Tenant Board, baraza linaloamua kesi za wapangaji na wenye nyumba.