Kurudi ng'ambo ya Mto Kagera: mpaka uko wapi, na kibanja chako kiko wapi

Wengi wanaorudi wilayani Missenyi, mkoani Kagera, baada ya miaka mingi wakifika darajani Kyaka husema, "Tumefika mpakani." Bado. Ukitoka Bukoba ukauvuka Mto Kagera, mbele yako kuna kilomita 30 hivi za ardhi ya Tanzania, unapita Bunazi, unanyoosha hadi Mutukula, mji wa mpakani. Mto si mpaka, na haujawahi kuwa mpaka hapo Kyaka. Tunalianza hili mwanzoni kwa sababu kijana aliyekulia mbali hulikosea kwa kutojua, ila mwaka 1978 Idi Amin, mtawala wa Uganda wa wakati ule, alilikosea kwa makusudi, na watu wakafa.

Mpaka wenyewe ni mstari wa latitudo, nyuzi 1 kusini ya ikweta. Waingereza na Wajerumani walikubaliana juu yake tarehe 1 Julai 1890, wakiwa Ulaya, mezani. Tume yao ya pamoja ilikuja kupima na kusimika nguzo kati ya 1902 na 1904. Mto nao ulikuwa na njia yake. Unapanda kaskazini ukitenganisha Rwanda na Tanzania, unageukia mashariki, unashuka ndani ya Tanzania hadi Kyaka, kisha unapanda tena, unaukata ule mstari na kumwaga maji yake ziwani upande wa Uganda, Kasensero. Kati ya mto na mstari pakabaki kipande cha ardhi cha kilomita za mraba 1,800 hivi. Kwa dola ya Tanzania ni ardhi yake halali. Kwa jenerali anayetazama ramani akiwa Kampala, ni ardhi iliyo "upande wetu" wa mto, ambayo daraja moja tu likivunjwa inakatika na nchi yake.

Na ndivyo ilivyofanyika. Baada ya uchokozi wa wiki kadhaa, uvamizi mkubwa ulianza tarehe 30 Oktoba 1978. Tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba ng'ambo yote ya mto ni ya Uganda. Siku iliyofuata Mwalimu Nyerere akasema mbele ya taifa maneno ambayo kila mtu wa umri ule anayakumbuka: uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo, na nia tunayo. Tarehe 3 Novemba jeshi la Amin likalilipua daraja la Kyaka. Kwanza walijaribu kwa ndege wakashindwa, mwishoni wakatumia baruti zilizotegwa kwenye daraja lenyewe. Tangu saa hiyo hakuna gari lililoweza kuvuka. Aliyekuwa bado upande wa kaskazini alibaki na mitumbwi, au na maficho ya msituni. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni raia 1,500 waliouawa na watu 40,000 hivi waliokimbia makazi yao. Ng'ombe walisombwa, nyumba ziliezuliwa mabati, kiwanda cha sukari cha Kagera kikaporwa.

Jeshi la Tanzania, JWTZ, walirudi kuvuka mto ndani ya mwezi huohuo wa Novemba kwa daraja la muda. Januari 1979 wakaichukua Mutukula. Masaka ikaanguka Februari, Kampala tarehe 11 Aprili, na vita ikafungwa tarehe 3 Juni. Mkoa uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi ukapewa jina la mto.

Kanuni iliyomshinda Amin kisheria ilikuwapo tangu Julai 1964, pale wakuu wa nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) walipokubaliana Cairo kwamba kila nchi itaiheshimu mipaka iliyorithi siku ya uhuru. Kati ya mataifa, kukalia ardhi ya jirani hakukupi haki, uikalie siku kumi au miaka kumi. Mrudi aishike kanuni hiyo vizuri, kwa sababu kati ya jirani na jirani ndani ya kijiji mambo ni kinyume kabisa. Tutalifikia.

Kwanza nguzo. Ukienda kutazama mpaka, linalokuongoza ni alama zilizosimikwa ardhini na maelezo ya serikali ya kijiji. Simu isiwe mwamuzi. Tumewaona vijana wakitembea na simu wakitafuta namba "-1.0000" wakiamini wameukanyaga mpaka. Desimali ya nne ya latitudo ni kama mita 11, na sekunde moja ni kama mita 31, kwa hiyo ukikosea tarakimu moja tu umeshahamia shamba la mtu mwingine. Shida kubwa zaidi ni ramani za zamani za karatasi. Zile zilichorwa kwa mfumo wa zamani wa kupimia latitudo na longitudo uitwao Arc 1960, ilhali simu husoma kwa mfumo wa satelaiti, WGS84. Kwa eneo hili tofauti ya mifumo hiyo inakaribia mita 300, kaskazini kwenda kusini. Ukinakili latitudo kutoka kwenye ramani ya karatasi ukaiingiza kwenye simu bila kuigeuza, utasimama karibu mita 300 kaskazini ya mahali ramani ilipokusudia. Na kaskazini hapo ni Uganda. Tena nguzo za 1902 zilipimwa kwa kutazama nyota, kwa vyombo vya wakati ule, hivyo haziwezi kulingana na satelaiti kwa mita. Palipo na nguzo, nguzo ndiyo neno la mwisho. Palipong'olewa, ni kazi ya wapimaji wa nchi mbili wakiwa pamoja. Mwananchi asisimike jiwe lake, hata kwa nia njema.

Siku hizi utakuta pia alama za bomba la mafuta ghafi la Hoima hadi Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, ambalo linaingilia Tanzania katika wilaya hii. Ukanda wake una upana wa mita 30. Hizo si alama za mpaka wa nchi wala za kijiji. Kuna waliozifuata wakidhani hivyo.

Pili, chuma ardhini. Hapa tunaomba msomaji asipite haraka. Vita ile ilipiganwa kwa mizinga mikubwa, mota, mabomu ya mkono, na roketi za BM-21 za milimita 122 zilizojulikana kwa jina la "saba saba", mirija 40 nyuma ya lori moja. Katika kila upigaji, baadhi ya makombora hayalipuki: kiwashio hugonga matope au maji badala ya kitu kigumu, au chuma huingia ardhini kwa pembe mbaya. Baruti aina ya TNT haiyeyuki kwenye maji wala haifi kwa umri. Kinachokufa ni vile vipande vidogo vya usalama ndani ya kiwashio, springi na pini, ambavyo huliwa na kutu. Kwa hiyo bomu la 1978 si salama kuliko lilivyokuwa siku lilipoanguka. Mara nyingi ni jepesi zaidi kuamka.

Lilivyo kwa macho: bomba la rangi ya udongo, limevimba kutu kama gome, pengine mapezi nyuma yamepinda na yameshikwa na mizizi. Bomu la mota huonekana kama chupa nene yenye mkia. La mkono ukilipaka matope huwezi kulitofautisha na jiwe au kiazi. Ajali hutokea katika kazi tatu za kawaida: kuchimba shimo la choo au msingi, kuchoma nyasi za rweya, yaani mbuga ya malisho, na kuokota vyuma chakavu vya kuuza. Hiyo ya tatu ndiyo huua watoto, kwa sababu mtoto hugonga chuma ili kujua kama ni kizito.

Ukilikuta, simama. Usilisogeze, usilimwagie maji, usilifukie, usipige picha kwa kulikaribia. Rudi kwa nyayo zako mwenyewe, weka alama inayoonekana kwa mbali, kama kitambaa kwenye mti ulioko nyuma yako, zuia watoto na mifugo, kisha mwambie mwenyekiti wa kitongoji na polisi. Wao ndio huita wataalamu wa jeshi. Anayekuambia kwamba alishawahi kuligeuza na halikufanya kitu, usimsikilize.

Sasa kibanja, yaani shamba la nyumbani la migomba na kahawa, ambako ndiko mgogoro wa mrudi unakokaa kwa miaka. Sheria ya Ukomo wa Madai ya Tanzania inampa mtu miaka 12 kudai ardhi iliyochukuliwa. Baada ya hapo mlango wa mahakama unafungwa, hata kama kila mzee kijijini anajua shamba lilikuwa la baba yako. Ndiyo maana tukasema ni kinyume cha mataifa. Dola iliyovamia haipati haki kwa kukaa, lakini jirani uliyemwachia bila neno kwa miaka 12 anaweza kuwa na ngao. Jambo la kwanza la mrudi, basi, ni kujua aliyeko kwenye kibanja aliingiaje. Kama alikaribishwa na mzazi wako atunze migomba na kahawa, huyo ni mwalikwa, na mwalikwa hageuki kuwa mwenye mali kwa kukaa muda mrefu. Kama aliingia mwenyewe na kukaa waziwazi, miaka inahesabika. Kama aligawiwa na serikali ya kijiji kwa kuwa palionekana pametelekezwa, hiyo ni hoja nyingine tena, na utahitaji kuona muhtasari wa kikao kilichogawa.

Kama mwenye shamba amefariki, usifungue shauri kwa jina lako kwa kuwa tu wewe ni mtoto wake. Anza na mirathi Mahakama ya Mwanzo: cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha ukoo kinachokupendekeza, Fomu Namba I ya maombi, tangazo, kisha uteuzi kwa Fomu Namba IV. Ukishateuliwa una miezi minne ya kuwasilisha orodha ya mali kwa Fomu Namba V. Na hapa wengi wameumia: kama marehemu alikuwa bado anaishika ardhi alipofariki, miaka 12 huhesabiwa tangu siku ya kifo chake. Haianzi siku uliyoteuliwa. Mzee aliyefariki miaka kumi iliyopita amekuachia miaka miwili tu.

Njia ya shauri ni hii. Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba ambao angalau watatu ni wanawake, husuluhisha tu. Baraza la Kata nalo, tangu mabadiliko ya sheria ya 2021, husuluhisha bila kuhukumu, na lina siku 30. Likishindwa linakupa hati ya kuthibitisha hivyo, na bila hati hiyo Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halikusikilizi, isipokuwa siku hizo 30 zimepita bila suluhu. Watu huenda moja kwa moja wilayani na wakili wa mjini, wanarudishwa, na miezi inazidi kupungua. Ukifikia makubaliano ya kununua au kurudishiwa, yapitishwe na Halmashauri ya Kijiji kwa muhtasari wenye saini na muhuri. Karatasi iliyoandikwa na watu wawili nyumbani, hata kama mashahidi ni kumi, ni dhaifu. Aliyechukua uraia wa nchi nyingine akiwa mtu mzima, ikiwemo Uganda, alimalize hilo kwanza Uhamiaji, kwa sababu Sheria ya Ardhi ya 1999 iliweka wazi kwamba asiye raia hagawiwi ardhi isipokuwa kwa uwekezaji.

Kupima ni kazi ya siku moja ikifanywa vizuri. Chagua Julai au Agosti, majani yakiwa yamekauka na mstari unaonekana. Chukua futi ya kamba ya mita 50, kwa sababu simu chini ya migomba hukosea mita 5 na zaidi, na katika kibanja cha mita 40 kwa 50, kosa la mita 5 upande mmoja mrefu ni mita za mraba 250 za mwenzako. Tazama mimea ya mpaka, ile ya majani marefu waliyopanda wazee. Ikiwa safu yake imenyooka kisha ghafla ina pengo la hatua tano na kuendelea mbele ikiwa imesogea, hapo pamechezewa. Piga magoti, parua udongo: kisiki cha zamani huacha mzizi mnene wa rangi ya kahawia hata kama juu pamepandwa maharage. Linganisha na visiki vya kahawa, maana mibuni ya robusta ya zamani ilipandwa ndani ya mpaka, haikupandwa juu yake.

Majirani wa pande zote wawepo, pamoja na mwenyekiti wa kitongoji na mzee mmoja aliyekuwa mtu mzima mwaka 1978. Huyo leo amepita miaka 65, na wako wachache. Maneno yake yaandikwe palepale shambani, kona kwa kona, asomewe kwa lugha yake, aweke dole gumba, na mtendaji wa kijiji agonge muhuri siku hiyohiyo kabla watu hawajatawanyika.