Presha isiyoshuka: kagua tezi za juu ya figo
Unameza dawa tatu za presha kwa dozi kamili, mojawapo ya kukojosha, na kipimo bado kinazidi 140/90? Kabla ya kurundika nyingine, mwombe daktari apime aldosteroni (homoni ya tezi za juu ya figo) na renini (kimeng'enya cha figo kinachoichochea). Aldosteroni ikizidi, mwili hung'ang'ania chumvi na kumwaga potasiamu. Misuli hulegea, mapigo ya moyo huvurugika.

Spironolaktoni, dawa inayozuia aldosteroni, kwa kawaida huanza miligramu 12.5 hadi 25 kwa siku. Potasiamu na kreatinini (kipimo cha utendaji wa figo) zipimwe baada ya wiki 1, kisha wiki 4, hasa ukimeza pia losartani (dawa nyingine ya presha), maana potasiamu inaweza kupanda mno. Joto la Dodoma mwezi Novemba likikukausha, au ukiharisha, wasiliana na kliniki kabla ya kidonge kinachofuata. Wanaume, matiti yakiuma semeni (wengi huacha dawa kimyakimya), ipo dawa mbadala, eplerenoni.