Arosto ya soda nyeusi

Juzi jioni nilikua barazani kwetu Ngamiani, dhumna zinapigwa, muuza kahawa kashatua dele lake makaa yanafuka chini, mara mzee wetu mmoja (simtaji, huwa anasomewa humu na mjukuu wake) akamuona kijana wa bodaboda anafungua Coca-Cola, akamwambia, "Mwanangu hiyo acha, ina unga hiyo." Unga! Sie watu wa Tanga neno hilo hatulichezei, tumezika vijana. Baraza likapoa kidogo halafu kila mtu akaja na lake, huyu eti wanatia kusudi ukiizoea usiache, yule akarukia zile za kopo za kuongeza nguvu kwamba mna manii ya ng'ombe dume, na kijana wa watu kashika chupa hajui anywe au amwage.

Nilicheka ila mzee hajaliokota hewani jamani. Aliyeitunga, John Pemberton, alikua mfamasia kule Atlanta Marekani, kajeruhiwa vitani akabaki na mazoea ya mofini, dawa kali ya maumivu, na kabla ya soda alikua akiuza divai iliyotiwa majani ya koka, ndio pombe ikapigwa marufuku mjini kwake, akaitoa divai akaweka maji ya sukari, hiyo 1886. Jina lenyewe linajieleza, koka ndio hayo majani yenye kokeini, ambayo nayo ni unga, kola ni mbegu za mti wa Afrika Magharibi zenye kafeini, ile ya kwenye kahawa inayofukuza usingizi. Kwahiyo ndio, kokeini ilikuwamo, kidogo, na wala haikua siri maana enzi hizo waliitia hadi kwenye dawa za kawaida za dukani. Wakaanza kuitoa karibu na 1903, mpaka kufika 1929 hata mabaki yake yakaisha. Majani ya koka bado yanaleta ladha mpaka leo, lakini kuna kiwanda New Jersey kazi yake kuyakamua kokeini kwanza, na inayotoka humo inaenda kwa matumizi ya hospitali.

Ya ng'ombe dume nayo ni hivi, kwenye zile kopo kuna kitu kinaitwa taurini, wanasayansi wa Kijerumani walikipata kwenye nyongo ya ng'ombe 1827, baadae kikapewa jina la Kilatini la dume, basi jina ndio limeponza. Hiyo ya kwenye kopo inatengenezwa kiwandani. Na pweza tunayekula jioni anayo tele, mbona hatumsingizii.

Sasa kinachonikera ni kwamba tunahangaika na unga usiokuwemo, kile kilichomo na kinachotushika kweli hakuna anayekisema. Mwaka 1911 serikali ya Marekani ilipoipeleka kampuni mahakamani, walikua wamekamata mapipa 40 ya sharabati na vipipa 20, ugomvi mkubwa ulikua kafeini, wala sio kokeini. Mimi nimeijua kwa kichwa changu mwenyewe. Nilikua mtu wa chupa mbili kwa siku, moja saa nne moja saa kumi, Ramadhani ikaingia, siku ya kwanza ilipogonga saa nane mchana nikahisi kama mtu kanifunga kamba kwenye paji la uso anaikaza taratibu, mama akasema njaa hiyo, lala. Siku ya pili ikawa balaa, hata adhana naona kama inapigwa ndani ya sikio. Siku ya nne kimya, kichwa chepesi. Sasa njaa gani inaondoka siku ya nne na mtu bado nafunga? Ilikua arosto ile, mwili unadai ulichouzoesha. Ukikaa saa 12 mpaka 24 bila kafeini uliyoizoea kichwa kinaidai, ndio inavyofanya.

Nikawatajia na hesabu pale pale, kopo la Coca-Cola la mililita 355 lina kafeini miligramu 34 hivi, Red Bull ya mililita 250 ina 80, kikombe cha kahawa cha mililita 240 kinafika 95 au zaidi. Vikombe vya baraza vidogo ndio, lakini hilo dele linachemka tangu alasiri na mzee alikua yuko kwenye cha sita, na kashata pembeni!

Nikamwambia, "Mzee shikamoo, basi na wewe una arosto yako." Akanitazama, akatafuna kashata mpaka ikaisha. "Kahawa yangu inatoka Usambara naijua shamba lake. Hiyo yako ya nani?"

Hapo nikakosa la kusema. Kijana akamaliza soda yake, akarudisha chupa dukani, akaja kuomba na kikombe kimoja cha kahawa ana abiria wa Muheza usiku huu asije akasinzia njiani.