Tulipongoja Maji Yapwe

Mnamo Agosti 1999, shule zilipofungwa, baba alikodi nyumba ya likizo huko Tiwi, katika Wilaya ya Kwale, takriban kilomita 20 kusini mwa kivuko cha Likoni. Aliichagua kwa sababu kodi yake ilikuwa nafuu kuliko vyumba vya hoteli za Diani, na kwa sababu, kama alivyopenda kusema, mtu mwenye watoto wanne hawezi kuwalisha hotelini akabaki na nauli ya kurudi Nairobi. Mpango ulikuwa kwamba mwenye nyumba hutoa paa, vitanda, vyandarua, jiko la gesi na vyombo, na mgeni hujitafutia chakula na kujipikia. Kwa hiyo tulipitia Marikiti, Mombasa, tukanunua mchele, maharagwe, vitunguu na nyanya kabla ya kuvuka. Samaki hatukununua, kwani tulikuwa tumeambiwa kwamba wavuvi huwaleta kwa baiskeli hadi mlangoni.

Hakuja mvuvi hata mmoja. Kusi lilikuwa likivuma kwa nguvu, mawimbi yakipasuka juu ya mwamba kwa mngurumo uliosikika hadi chumbani, na ngalawa zote zilikuwa zimepandishwa mchangani. Mama, aliyezaliwa na kulelewa Nyeri, alitazama bahari iliyojaa pomoni mbele yake akaona ajabu kwamba angepika maharagwe.

Asubuhi iliyofuata alipita mzee mmoja wa Kidigo, mkononi ana mkonjo wa kuvulia pweza. Mama alimwamkia, kisha akamuuliza kama alikuwa na samaki wa kuuza.

"Marahaba, mwanangu. Kwa kusi hili samaki utawapata wapi? Ngoja maji yapwe, nikuletee pweza."

"Yatapwa saa ngapi, mzee?"

"Mwezi ndio umeandama, hili ni bamvua. Kwenye saa tano mwamba wote utakuwa nje."

Ilikuwa hivyo hivyo. Katika pwani ile tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa huweza kukaribia mita 4 wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu maji yanapojaa na kupwa sana, na bahari iliyokuwa ikigonga ngazi za bustani alfajiri ilirudi nyuma hadi tukaweza kutembea juu ya mwamba, tukikwepa miiba ya urumba, wale wanyama wadogo wa baharini. Mzee alikuwa akichungulia mashimo ambayo sisi tuliona ni mawe tu, akichomeka mkonjo wake, na kila alipouvuta nje mdogo wangu alipiga mayowe.

Jikoni ndipo kazi ilipoanza. Kabati lilikuwa na bilauri za mvinyo za ukubwa wa namna tatu na chombo cha kuokea keki, lakini hapakuwa na mbuzi ya kukunia nazi, jambo ambalo hadi leo naona ni kichekesho katika nyumba iliyozungukwa na minazi. Mke wa mtunzaji wa nyumba alileta mbuzi yake na kifumbu cha kukamulia tui, akamketisha mama, akamwonyesha namna ya kukuna bila kufikia ganda jeusi na namna ya kutenga tui zito na tui jepesi. Pweza alipondwa juu ya jiwe mpaka akalegea, akainjikwa bila maji ya kuongezwa, kwa kuwa hutoa yake mwenyewe, kisha akaungwa kwa tui jepesi, na lile zito likamiminwa mwishoni moto ukiwa mdogo. Baba aliongeza wali mara tatu bila kusema neno.

Tangu hapo mzee alituletea pweza kila siku, na kwa kuwa maji hupwa yakichelewa karibu saa nzima kuliko jana yake, chakula chetu cha mchana kilisogea hadi tukawa tunakila saa kumi alasiri. Mama, ambaye nyumbani hakuvumilia sahani ichelewe, hakulalamika. Kisha maji mafu yakaingia, siku ambazo bahari hujaa na kupwa kidogo tu, mwamba ukawa haufunuki tena, nasi tukarudia maharagwe ya Marikiti, safari hii yakiwa yameungwa kwa nazi.